Taarifa ya Mwenyekiti wa Chama cha Wafugaji kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Ya mwaka mnayajua: semina mbili, chanjo ya mbuzi mwezi wa Machi, na wanachama sita niliowapeleka kwa gari langu ofisi ya FSA, wakala wa mashamba wa serikali ya Marekani, wakapewa namba ya shamba. Hapa mashariki mwa Colorado, bila namba hiyo huanzi hata kuomba ruzuku.

Sasa suala la uzio. Nimesikia yanayosemwa, hata kanisani, kwamba mwenyekiti amekalia dola 6,200 za mfuko huku mbuzi wakizagaa barabarani. Watatu wetu waliomba fedha za uzio kupitia EQIP, msaada wa kuhifadhi udongo na maji unaotolewa na NRCS, idara ya serikali ya kuhifadhi maliasili. Mfugaji ambaye hajafikisha miaka 10 kazini hulipwa hadi asilimia 90 ya gharama iliyokadiriwa, na anaweza kuomba nusu mapema anunue vifaa. Wengine mwisho wao ni 75. Lakini ukichimba shimo la nguzo kabla mkataba haujasainiwa, na huna kibali cha maandishi cha kuanza mapema, uzio ule haulipwi. Ndiyo maana Aprili nilikataa kutia sahihi hundi ya seng'enge, na ningekataa tena.

Utaratibu huu haukuwekwa kutusumbua. Aprili 14, 1935 vumbi lilifunika nyanda hizi, mchana ukawa usiku. Siku 13 baadaye sheria ya kuhifadhi udongo ikasainiwa. Afisa lazima akanyage malisho, ahesabu mifugo, aone nyasi zinatosha, ndipo fedha ya umma itoke.

Mwenzetu mmoja alijenga Mei kwa pesa yake. Hakupata hata senti. Namhurumia, simsemi kwa ubaya, ila nilimpigia simu mara tatu.

Mikataba ilisainiwa Septemba. Novemba tulizika nguzo za kona futi tatu na nusu, udongo wa juu umeshaganda, upepo unakata masikio. Nilishika seng'enge kwa mikono yangu mpaka glovu zikachanika. Tulikuwa watu wanane. Chama kina wanachama 41.

Mkutano mkuu tuliitana saa nane mchana. Akidi ya 21 ilitimia saa kumi na robo, na wanne wakaondoka kabla hesabu hazijasomwa. Najua zamu za kiwanda cha nyama zinachosha. Mimi pia hutoka kazini saa tisa usiku.

Ada ni dola 120. Waliomaliza ni 17, waliotoa nusu 9, na 15 hawajatoa chochote. Zimeingia 2,580, deni ni 2,340. Inaniuma, maana wanaodai uzio kwa sauti kubwa wamo humo.

Mwakani, Mungu akijalia, tutatafuta bomba na birika la kunyweshea mifugo, na pengine trekta. Mliokodi ardhi kwa maneno ya mdomo, ombeni karatasi kwa mwenye ardhi sasa, kabla ya msimu wa maombi. Mweka hazina anapokea ada kila Jumamosi.

Mwenyekiti