Shukrani kwa mama wa kwenye daladala ya Mbagala

Mama yangu, jina lako silijui. Nilikuwa nimetoka kung'olewa gego la mwisho la chini, ganzi bado haijaisha, damu imejaa mdomoni nataka kuitema dirishani. Ukanishika mkono: "Usiteme, mwanangu. Ng'ata hii." Ukanipa chachi safi kutoka kwenye mkoba wako.

Ukanieleza kwamba damu ikiganda kwenye shimo ndiyo kinga yenyewe. Kutema kwa nguvu, kunywa kwa mrija au kuvuta sigara kunaweza kuing'oa, mfupa ukabaki wazi, na maumivu yake hayasemeki. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yasubiri saa 24, tena nisisukutue kwa nguvu. Uji upoe kwanza. Nyuzi nilizoshonwa kwenye fizi nisizichokonoe kwa ulimi wala kidole, hata ncha ikining'inia.

Siku ya pili shavu lilizidi kuvimba. Ningekesha kwa hofu kama usingeniambia mapema kuwa ndivyo huwa.

Sasa nyuzi zimeyeyuka zenyewe, ugali nakula. Ulishuka Mtongani nikiwa nimeng'ata chachi, sikuweza hata kutamka asante. Asante sana, mama. Mungu akuzidishie.