Jitu la chuma lisilo na mtu ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wengi wetu huliona la kitoto: majitu ya vita ya kwenye katuni na riwaya. Wazazi huwagombeza vijana kwa kutazama maroboti makubwa yakipigana. Mimi naona baadhi ya hadithi hizo zinauliza swali zito kuliko taarifa nyingi za silaha mpya, ambazo husifu shabaha na kasi bila kututajia nani atawajibika silaha hiyo ikiua wasiohusika.

Tazama Gundam, katuni iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 1979. Roboti lile lina urefu wa mita 18, lakini hadithi inamhusu Amuro Ray, kijana wa miaka 15 aliyeketi ndani yake. Anaogopa, anaua, kuna wakati anagoma kabisa kupigana. Mtazamaji hawezi kusahau kwamba aliyefyatua ni mtu, na kwamba mtu huyo atalala na alichokifanya.

Mwandishi H.G. Wells alikwishatangulia. Katika riwaya yake ya 1898, viumbe wa Mirihi wanaivamia Uingereza ndani ya mashine za miguu mitatu na kuwachoma watu kwa miale ya joto. Mapema kabisa anawakumbusha Waingereza wenzake jinsi watu wa Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, walivyoangamizwa na Wazungu. Hapa kwetu habari hiyo haihitaji Mirihi. Wapiganaji wa Maji Maji walioishambulia boma ya Mahenge mwezi Agosti 1905 walipokewa na bunduki za mashine za Wajerumani. Tunajua silaha ya hali ya juu inavyoonekana kwa aliyesimama mbele yake.

Leo rubani anaondolewa kitini. Ndege nyingi zisizo na rubani bado zinaongozwa na mtu aliye mbali, lakini zinatengenezwa pia silaha ambazo zikisharushwa hutafuta na kuchagua shabaha zenyewe, kwa vihisi na programu. Watetezi wake wanasema mashine haichoki, haina hasira wala kisasi. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa askari wenye hasira wamefanya unyama mwingi. Lakini mashine haina shaka pia, na shaka imewahi kuokoa watu wengi sana. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, mitambo ya tahadhari ya Kisovieti ilitangaza kwamba Marekani imerusha makombora ya nyuklia. Afisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliona haiingii akilini Marekani ianze vita kwa makombora matano tu. Akawaarifu wakubwa wake kuwa ni hitilafu, na kweli ilikuwa hitilafu. Programu ingefuata ilichoandikiwa.

Wapo wanaosema teknolojia haizuiliki. Mbona silaha za leza za kupofusha zilipigwa marufuku kwa itifaki ya mwaka 1995, kabla hazijazagaa vitani? Hizi zinazojichagulia wa kuua zimejadiliwa kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa huko Geneva tangu 2014. Desemba 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu hatari zake kwa kura 152 dhidi ya 4, na Katibu Mkuu António Guterres alitaka mkataba wenye nguvu ya kisheria ukamilike ifikapo 2026. Mataifa yenye viwanda vya silaha hayana haraka. Sisi tusio na viwanda hivyo ndio tunaopaswa kuwa nayo, maana silaha za bei nafuu huishia mikononi mwa waasi na wanamgambo wa nchi kama zetu.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Mambo ya Nje ieleze Bungeni, kwa maneno ya wazi, inachokwenda kukitetea Geneva kwa niaba yetu. Nawaomba na wabunge waiulize: je, Tanzania itadai kwamba uamuzi wa kumuua mtu ubaki kwa mtu anayeweza kusimamishwa mahakamani?

Msomaji wako,
Morogoro