Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Shimo la Mtaroni na Mto Wetu

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tumesafisha kingo za Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam mara nne, tumepanda matete, tumezibua kalavati kabla ya masika. Ada zilizokusanywa ni shilingi 1,140,000, michango ya wasamaria wema 600,000, matumizi 1,615,000, salio 125,000. Vielelezo vyote anavyo Mtunza Hazina.

Niruhusuni nikae zaidi kwenye suala la shimo, maana najua ndilo linalosemwa vijiweni.

Mwezi Februari mimi, Katibu na Mtunza Hazina tuliamua kutumia shilingi 980,000 kujenga shimo la kutuliza maji, ili tope lizame humo kabla maji hayajafika mtoni, kwenye mtaro unaotoka Barabara ya Mandela. Wapo wanaosema Mwenyekiti amejiamulia. Jamani, niliitisha mkutano mara mbili. Wa kwanza walikuja wanachama 14 kati ya 87, wa pili 11. Akidi yetu ni 44. Masika ilikuwa mlangoni, ningengoja nini?

Tumezoea kulaumu viwanda na wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, na ni kweli wanatuumiza. Barabara hatuitazami. Malori ya bandarini yanapita pale usiku na mchana. Tairi likisagika linaacha zinki, breki zikilika zinaacha shaba, injini inayovuja inaacha oili. Uchafu huo unalala juu ya lami kiangazi kizima, halafu mvua ya kwanza ya vuli inaukumba wote mtaroni kwa mkupuo mmoja, moja kwa moja hadi mtoni. Hata madini ya risasi yaliyokuwa kwenye petroli, yaliyoachwa kutumika nchini kufikia mwaka 2006, hayaozi. Yaliyokwisha kuingia kwenye udongo wa kando ya barabara hayajaenda popote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za kandokando ya mito ya Msimbazi na Sinza, ukakuta ndani yake metali za risasi, kadimi, shaba na zinki. Mboga hizo ndizo tunazolima na kuwalisha watoto wetu.

Mwezi Mei nilishuka mwenyewe shimoni na koleo. Tope lilikuwa jeusi kama masizi, linanuka oili chafu, na ukilifikicha vidoleni unagusa vipande vidogo vidogo vya mpira. Tulijaza viroba 23. Bila shimo lile, tope hilo lingeishia mtoni na kwenye matuta yetu.

Wengine wamedai tumevunja sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nilipima kwa kamba mbele ya wajumbe watatu: shimo liko mita 74. Na mfuniko wake nilinunua kwa fedha zangu, sikudai hata senti. Nakiri kwamba shimo halinasi kila kitu, kwa kuwa metali iliyoyeyuka inapita na maji. Ndiyo maana nawasihi tena: mvua ya kwanza ikinyesha, msichote maji ya mto kumwagilia mchicha siku hiyo wala kesho yake.

Kuhusu ada, waliolipa ni 57. Wenzetu 30 hawajatoa hata nusu ya ile 20,000, na inaniuma kuona kwamba baadhi yao ndio wanaouliza kwa sauti kubwa fedha zimekwenda wapi. Siku ya kuzoa tope tulikuwa watu sita, na wawili kati yao si wanachama.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata mashimo mengine mawili, na huenda wahusika wa barabara wakatusikiliza. Barua yetu ya Julai haijajibiwa. Tunatumaini pia kazi zinazoendelea za kuliboresha Bonde la Msimbazi zitaikumbuka mitaro.

Shimo linatakiwa kuzolewa tena kabla ya vuli. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa 1 asubuhi, kila mmoja aje na koleo na kiroba.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti