Kanuni za mikusanyiko vyuoni: taarifa itoshe, kibali kiondolewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu rasimu ya kanuni za nidhamu za wanafunzi inayozungumzwa sana hapa Mbeya, ambayo nimeisoma mwanzo hadi mwisho. Sitakitaja chuo chenyewe, kwa kuwa vifungu vya namna hiyo vinaweza kukutwa kwingineko, na sipendi mjadala ugeuke kuwa wa kukisema chuo kimoja. Nilifanya kazi katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi hadi nilipostaafu, kwa hiyo ninayaeleza haya nikiwa mtu aliyekaa upande wa meza ambako maombi hupokelewa.

Kifungu kinachonisumbua kinasema kwamba hakuna mwanafunzi wala kikundi cha wanafunzi kitakachofanya mkutano au maandamano, au kubandika tangazo, bila kibali cha maandishi cha uongozi. Rasimu haisemi kibali kiombwe siku ngapi kabla, ofisi ijibu ndani ya muda gani, ni sababu zipi zinazotosha kukataa, wala aliyekataliwa aende kwa nani. Anayezijua ofisi zetu hahitaji kuambiwa kitakachotokea. Ombi la kukutana Jumatano kuzungumzia kuchelewa kwa boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, linawekwa kwenye trei. Mkubwa yuko safarini Dodoma, msaidizi wake hataki kusaini jambo litakalomletea maneno, na Ijumaa inafika pasipo mtu aliyekataa wala aliyekubali. Kwenye karatasi hakuna haki iliyonyimwa, ila mkutano haukufanyika, na waliotaka kuufanya sasa wanakutana usiku kwenye magheto yao mitaani, bila mwenyekiti, bila ajenda na bila kiongozi yeyote wa chuo wa kuwasikiliza. Katika miaka yangu ya kazi, migomo iliyotuumiza kichwa ilianzia huko, haikuanzia kwenye mikutano iliyotangazwa.

Watetezi wa rasimu husema kwamba hata nje ya chuo mikusanyiko huombewa kibali. Hilo si kweli, na linastahili kusahihishwa gazetini. Katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua mwaka 1994 kwamba sharti la kuomba kibali cha kukusanyika linakiuka Katiba. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinamtaka anayeandaa mkutano wa hadhara kutoa taarifa ya maandishi saa 48 kabla, akieleza mahali, muda na madhumuni. Polisi wanaweza kuzuia iwapo wanaona amani itavunjika, na aliyezuiwa anaweza kukata rufaa kwa Waziri. Ninajua kwamba kwa vitendo mambo mara nyingi yamekuwa magumu zaidi ya maandishi hayo, na mikutano ya hadhara ya vyama iliyozuiwa mwaka 2016 haikuruhusiwa tena hadi Januari 2023. Hata hivyo, sheria ya nchi inampa mwananchi muda maalumu na ngazi ya rufaa, vitu viwili ambavyo rasimu ya chuo haimpi mwanafunzi. Katiba inamruhusu mwenye umri wa miaka 21 kugombea ubunge. Itakuwa ajabu kijana wa mwaka wa tatu akubalike kuomba kura za jimbo zima, halafu azuiwe kuitisha wenzake kumi waongelee maji yasiyotoka hosteli.

Historia yenyewe ingetosha kutuonya. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakarudishwa makwao. Kinachosahaulika ni kwamba siku hiyohiyo Mwalimu Nyerere, kwa hasira yake yote, alitangaza kujipunguzia mshahara kwa asilimia 20, maana hoja ya vijana kuhusu mapato ya wakubwa ilikuwa imemgusa. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kuhusu maslahi ya viongozi. Wakafukuzwa, na chama chao, DUSO, kikapigwa marufuku. Aprili 1990 wanataaluma wa vyuo vyetu walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na mwezi uliofuata Chuo Kikuu kikafungwa kwa sababu ya mgogoro na wanafunzi. Sioni mahali katika mlolongo huo ambapo kuwanyamazisha vijana kulimaliza jambo walilokuwa wakilisema.

Sidai kwamba chuo kiwe uwanja wa kila mwenye kipaza sauti. Chuo kina haki ya kukataza kelele karibu na maktaba na madarasa wakati wa masomo, kukataza mikusanyiko jirani na vyumba vya mitihani ya mwisho wa muhula, kuzuia mlango usizibwe, na kumwadhibu anayevunja vioo au kumtisha mwenzake asiyetaka kugoma. Mwanafunzi asiyegoma naye ana uhuru wake, na kwa bahati mbaya wanaharakati wa vyuoni hulisahau hilo upesi. Hayo yote yanahusu wakati, mahali na namna. Yaliyomo katika hotuba au bango ni jambo jingine, na uongozi usijipe kazi ya kuyapitisha kabla hayajasemwa.

Kuna pia kifungu kinachomkataza mwanafunzi kuzungumza na waandishi wa habari au kuandika lolote la kukishushia chuo hadhi katika makundi ya WhatsApp. Hicho kifutwe tu. Uongo wa mtandaoni una sheria yake tangu mwaka 2015, ambayo baadhi yetu tunaiona kali kupita kiasi, na chuo hakihitaji kuongeza nyingine juu yake.

Jambo ambalo rasimu imelinyamazia kabisa ni polisi: nani mwenye mamlaka ya kuwaita ndani ya chuo, na katika hali gani. Wazazi wa Nyanda za Juu Kusini hatulichukulii jambo hili kuwa dogo. Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Septemba 2012 kule Nyololo, Mufindi, polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya chama cha siasa, na askari mmoja alihukumiwa kwa kifo hicho. Uamuzi wa kuita askari wenye silaha usiachwe kwa mlinzi wa zamu aliyeingiwa na hofu. Utolewe na makamu mkuu wa chuo mwenyewe, kwa maandishi, baada ya kuzungumza na viongozi wa serikali ya wanafunzi.

Kabla rasimu haijapelekwa kwenye baraza la chuo, naomba kifungu cha kibali kiandikwe upya hivi: mwandaaji atatoa taarifa saa 48 kabla, ofisi ikitaka kuzuia itaandika sababu ndani ya saa 24, isipojibu, mkutano utafanyika, na rufaa itasikilizwa na kamati yenye wahadhiri na wanafunzi, ambayo mshauri wa wanafunzi hatakuwa mjumbe wake.

Mstaafu,
Forest ya Zamani, Mbeya