Tukihesabu ndege, tuhesabu na mafundi

Ndugu Mhariri,

Kila ndege mpya inapotua JNIA, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na magari ya zimamoto yakaimwagia maji ya kuikaribisha, magazeti hujaa picha. Sina ugomvi na picha hizo. Nimekuwa fundi wa ndege tangu enzi za Boeing 737-200 na Fokker za ATC, shirika letu la ndege la wakati ule, na zile Q400 mbili, ndege za pangaboi, zilipoingia mwaka 2016 nami nililengwalengwa na machozi. Ninachosubiri hadi leo ni habari itakayoeleza ndege hiyo itahudumiwa na mafundi wangapi, na watatoka wapi.

Ndege unasaini mkataba, unalipa, unangoja zamu yako. Fundi hapatikani hivyo. Kijana akimaliza chuo hufanya kazi chini ya mwenye leseni, na kila alichokifanya kinaandikwa kwenye kitabu chake na kusainiwa, ndipo aende Mamlaka ya Usafiri wa Anga kutahiniwa. Akishapata leseni bado asomee aina ya ndege yenyewe, maana aliyebobea kwenye Q400 hawezi kuisainia Dreamliner, ile Boeing kubwa ya safari ndefu, iruke. Hapo miaka imekwenda. Jirani yangu ana kijana aliyemaliza diploma yake vizuri kabisa. Leo anafunga viyoyozi Tabata kwa kukosa hanga, yaani karakana ya ndege, ya kumpokea. Kitabu chake nimekiona: kurasa nne zimeandikwa, nyingine zote nyeupe.

Na waliokwisha kuiva wanaondoka. Kuna mmoja nilimfundisha mwenyewe kufunga waya wa usalama, ule waya mwembamba unaosokotwa kutoka bolti moja hadi nyingine ili mtikisiko usizilegeze. Ukiuvuta kinyume, unaisaidia bolti kufunguka. Usiku mmoja nilimrudisha mara sita, kwa mwanga wa kurunzi, akanuna siku mbili bila kuniamkia. Sasa yuko Doha. Hunitumia ujumbe wa sauti: “Shikamoo mzee. Huku nikiomba kipuri asubuhi, jioni kiko mezani.” Hapa nyumbani mwajiri wake alimcheleweshea posho ya usiku miezi mitatu. Nimlaumu kwa lipi?

Tusidhani hii ni shida ya nchi maskini. Januari 5, 2024, ndege ya Alaska Airlines, Boeing 737 MAX 9 (aina hiyo nasi tunayo), ilichomoka kipande kinachoziba nafasi ya mlango muda mfupi baada ya kuruka kutoka Portland. Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba kipande hicho kilipofunguliwa kiwandani Boeing, bolti zake nne hazikurudishwa mahali pake. Kwangu mimi habari haikuwa bolti. Habari ilikuwa kwamba katika kikosi cha milango cha watu 24, aliyewahi kukifungua kipande kile alikuwa mmoja tu, na kazi ilipofanyika yeye alikuwa likizo. Kiwanda kizima, ujuzi umekaa kichwani mwa mtu mmoja! Wakongwe wengi walikuwa wameondoka kipindi cha korona, na watu wapya kujazwa nafasi zao si sawa na kupokea ujuzi wao.

Boeing hiyohiyo ilikadiria mwaka 2024 kwamba dunia itahitaji mafundi wapya wa ndege 716,000 katika miaka 20. Viwanda vya silaha vya Ulaya na Marekani navyo vinapanuka tangu vita ya Ukraine ilipopamba moto mwaka 2022, vikigombea wahandisi, wachomeleaji na mafundi umeme walewale. Mwenye pengo na mwenye fedha huja kuchota kwa asiye na fedha. Madaktari na wauguzi walishatuonyesha njia hiyo.

Wahabeshi waliliona mapema. Shirika lao la ndege lina chuo chake lenyewe, kwa hiyo mwanafunzi akitoka darasani hanga iko jirani na wanaomsubiri wanamjua. Sisi tunacho Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, na vijana wanaotoka pale nimekutana nao, vichwa wanavyo. Kinachokosekana ni mahali pa kuchafua mikono kwa miaka hiyo ya katikati, huku wakilipwa cha kuwawezesha kupanda daladala na kula.

Ombi langu ni dogo ukililinganisha na bei ya injini moja. Kila ndege inaponunuliwa, ndani ya bei yake kuwe na fungu la vijana kadhaa watakaokaa hanga kwa mshahara hadi wapate leseni, na idadi yao itangazwe siku ileile ya kumwagiwa maji. Wa kuwafundisha wako mitaani, wamestaafu, wanacheza bao. Mimi macho bado yananitosha kwa kazi ya mchana. Koleo langu la waya lipo kabatini. Wiki iliyopita nimelipaka mafuta.

Fundi ndege mstaafu,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam