Uliniuliza nani mkali wa gitaa

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, bibi yako hajambo, mvua zimeanza na bati la jikoni bado linavuja. Ile video ya kijana anayekimbiza vidole kama panya darini nimeitazama mara mbili kwenye simu ya mdogo wako. Ukauliza, "Baba, kwako mkali wa gitaa ni nani?" Ningekupigia, lakini nakujua: utasema "sawa baba, sawa baba" huku unafanya mambo yako. Basi soma.

Naanza na aliyepiga peke yake, Mwenda Jean Bosco wa Jadotville kule Katanga, Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi wimbo wake "Masanga". Gitaa kavu moja, lisilo la umeme, dole gumba na kidole cha shahada, basi. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inaimba kwenye nyembamba, na wewe msikilizaji unaapa kwamba wako wawili. Mimi nilijaribu kumuiga kwa gitaa langu la kwanza, la galoni la mafuta na nyaya za breki ya baiskeli. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya babu yako. Alijua nyaya zimekwenda wapi siku alipokuwa anashuka mteremko wa Mwanga kwenda stesheni. Hayo mengine muulize bibi yako, anayasimulia vizuri kuliko mimi na huwa anaongeza chumvi.

Enzi zile usiku, ziwa likitulia, redio za Zaire zilikuwa zinaingia kwetu vizuri kuliko za Dar. Ndipo tulipogawanyika makambi. Kuna waliokuwa wa Nico Kasanda, yule aliyeitwa Docteur Nico, na kuna waliokuwa wa Franco Luambo, wote wapiga gitaa wa Kongo. Vijana walinuniana kwa ajili hiyo, usicheke.

Nico alipiga katika bendi ya African Jazz ya mwimbaji Kabasele, halafu bendi ya African Fiesta. Noti zake unaweza kuziokota mojamoja kama punje za mahindi. Hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Hata anapokwenda kasi hasikiki kama mtu anayefukuzwa. Franco ni mwingine kabisa. Yeye hushika kipande kifupi, hupiga nyuzi mbili kwa pamoja, hukirudia, hukirudia tena, mpaka kiuno kinakubali wakati kichwa bado kinajiuliza. Utotoni alikuwa akipiga gitaa penye biashara ya mama yake, aliyekuwa akiuza maandazi sokoni Léopoldville, Kinshasa ya leo, ili wateja wasogee. Nadhani ndiyo maana maisha yake yote gitaa lake lilikuwa linaita watu. Nico unamsikiliza umekaa. Franco hakuruhusu ukae.

Sasa uniulize mimi nilikuwa kambi gani. Nilikuwa kambi ya mtu mmoja: Dechaud.

Najua hujawahi kumsikia. Jina lake ni Charles Mwamba, kaka mkubwa wa Nico, na ndiye aliyempigia rithimu, yaani gitaa la kusindikiza, wakati Nico anapiga solo, gitaa la mbele. Kaka mkubwa, mwanangu, amekaa nyuma ya mdogo wake, anamtandikia mkeka. Chukua rekodi ya African Fiesta, mwache Nico apite zake, utege sikio pale chini. Kuna gitaa linazunguka halichoki, linapanda kidogo solo linaposhuka, linanyamaza nusu pumzi solo linapotaka kusema. Liondoe hilo, na Nico mwenyewe atasikika kama mtu anayeongea peke yake barabarani.

Kwetu huku, yupo Mbaraka Mwinshehe wa bendi ya Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano. Yeye aliimba na kucharaza solo, yote mawili. Sikiliza "Shida": sauti inalalamika, gitaa linaitikia kama jirani aliyekuja kukupa pole. Haliingii katikati ya sentensi. Linangoja umalize kulia. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, hajafikisha hata miaka 35, na siku ile hapa Ujiji redio ziliachwa wazi mpaka usiku. Yupo pia mtoto wa hapa hapa Kigoma, Shem Karenga, aliyeanzia Lake Tanganyika Jazz kisha akaenda kuwaka na Tabora Jazz. Watu wanamkumbuka kwa kuimba "Dada Asha". Mimi nakumbuka jinsi magitaa ya ile bendi yalivyokuwa yanapokezana, moja likishusha mzigo lingine linaubeba.

Na sasa nikwambie aibu yangu, maana mama yako atakwambia tu. Nilipokuwa rithimu katika bendi yetu ndogo, usiku mmoja mpiga solo aliugua homa, nikapewa nafasi. Ee, nikasema leo Kigoma watanijua! Nikapiga bila kupumua, juu mpaka chini, mwimbaji akifungua mdomo nami nipo, akifunga nipo. Ubeti wa pili nikaona vidole vinakwenda lakini sauti haitoki. Nikadhani waya umekatika. Kumbe mwimbaji alikuwa amerudi nyuma taratibu, bado anaimba, akanizimia ampi, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa. Watu waliendelea kucheza. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuuliza gitaa limekwenda wapi. Hapo ndipo paliponiuma.

Kwa hiyo yule kijana wa video, vidole anavyo, sibishi. Mpeleke nyuma ya mwimbaji, apige rithimu wimbo mzima, ndipo unitumie tena.

Kwenye simu ulisema unaweza kuja Desemba na gitaa lako. Njoo nalo. Langu lipo juu ya kabati, uzi wa sita ulikatika tangu mwezi wa mfungo. Niletee seti moja, nyuzi za chuma, siyo nailoni. Solo utapiga wewe.

Baba yako