Kwa nini serumu ina chumvi

Bukavu, tarehe 9 mwezi wa tatu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Lubumbashi imenikuta nikitoka zamu ya usiku. Unauliza: ikiwa mgonjwa wa kipindupindu amepungukiwa na maji, mbona serumu, yaani dripu tunayomtundikia mshipani, ina chumvi, isiwe maji matupu?

Kumbuka kabichi ambayo mama yako huikata nyembamba na kuinyunyizia chumvi. Baada ya nusu saa bakuli huwa na maji, ingawa hakuna aliyeyatia. Yametoka ndani ya seli za kabichi, kwa kuwa utando wa seli huruhusu maji kupita lakini huzuia sehemu kubwa ya chumvi, na maji huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Hiyo ndiyo osmosisi. Watu husema chumvi inanyonya maji, neno nisilolipenda, kwani molekuli za maji huvuka pande zote mbili bila kukoma. Ni kwamba zinazorudi kutoka kwenye chumvi ni chache kuliko zinazokwenda.

Sasa tia chembe nyekundu za damu katika maji matupu: maji yataingia, zitavimba, kisha zitapasuka. Katika serumu yenye gramu 9 za chumvi kwa lita moja, yanayoingia hulingana na yanayotoka, nazo hubaki na umbo lake.

Kwa maji ya chumvi na sukari anayokunywa mwenye kuhara, sukari nayo ina kazi, maana glukosi, iliyomo katika sukari, na sodiamu, iliyomo katika chumvi, huvuka ukuta wa utumbo pamoja, na maji huzifuata. Lakini sukari ikizidi, hubaki utumbomo na kuyavuta maji kutoka mwilini. (Ona, nami nimesema kuvuta!) Nilimwona mama mmoja aliyeongeza sukari ili mtoto anywe kwa hamu, kuhara kukazidi. Ndiyo maana mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ulipunguza vyote viwili: gramu 2.6 za chumvi na 13.5 za glukosi kwa lita.

Mtoto wa shangazi yako akianza kuhara na pakiti ya mchanganyiko huo haipo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kila kijiko ukikisawazisha kwa kisu, mpe anywe, kisha mpelekeni kituo cha afya.

Baba yako